Maoni ya Mtazamaji wa Ngokolo

Kazi ya kushona sare za shule inachosha, lakini Nyamizi angekwambia kwamba haikumchosha hata nusu ya kazi ya kumsimulia mama mkwe wake tamthilia. Cherehani ukiliacha pale kibandani mtaa wa Kambarage linabaki pale pale mpaka kesho. Tamthilia ilimfuata nyumbani, ikamfuata jikoni, ikalala naye.

Mama mkwe, ambaye wapangaji wote wa nyumba ile ya Ngokolo, Shinyanga, walimwita Bibi Wema kwa jina la mjukuu wake, alikuwa ameletwa mjini kutoka kijijini ili atibiwe macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuziba kabisa, na la kulia lilibaki kuona mwanga na vivuli tu. Kiswahili alikijua kidogo, kile cha kuulizia bei na kuomba maji. Kile cha kwenye runinga, cha watu wanaoongea kama wanakimbizwa, kilimpita hivi hivi. Kwa hiyo kila Jumamosi na Jumapili saa kumi jioni, ilipoanza *Kota Namba Saba*, bibi alikaa kwenye kigoda mbele ya runinga, na Nyamizi akakaa mkekani ubavuni pake kumweleza kwa Kisukuma kila kinachotokea. Tabu ni kwamba karibu kila alichomweleza kilikuwa uongo.

Tamthilia yenyewe ilihusu familia ya polisi. Baba, Afande Kitwana, alikuwa mkuu wa kituo. Mkewe alikuwa mama wa nyumbani mwenye machozi ya karibu. Mtoto wao mkubwa, Koplo Jabiri, alikuwa na sura nzuri na mkono mrefu. Alikuwa akiuza vidhibiti, akibambikia watu kesi, na akishikwa anamlilia mama yake naye mama anamfichia. Watu walimchukia Jabiri kama vile amewaibia wao. Benjamini, dereva bodaboda kutoka Kasulu aliyepanga chumba cha uani, alikuwa akisimama kabisa na kuielekezea runinga kidole. Mwalimu Eufrasia, Mhaya wa chumba cha mbele, alikuwa akisonya kila Jabiri akitabasamu. Runinga na king'amuzi vilikuwa vya Nyamizi, basi sebule yake ikawa ndiyo baraza la kumsulubu Jabiri kila mwisho wa juma, na katika wote waliokuja hakuna aliyejua Kisukuma.

Uongo ulianza kwa jambo dogo. Juma lile tamthilia ilipoanza ndilo juma ambalo Maduhu, mume wa Nyamizi na mtoto pekee wa bibi, alipiga simu kutoka Geita. Maduhu naye alikuwa koplo. Alisema amesimamishwa kazi. Kipande cha dhahabu walichonyang'anywa watu waliovamia duara, shimo la kuchimbia, lisilo lao kilikuwa kimehifadhiwa stoo ya kituo kama kidhibiti, na sasa hakionekani. Siku kilipopotea, Alhamisi, zamu ya kushika ufunguo ilikuwa yake.

"Umechukua?" Nyamizi alimwuliza.

"Usiniulize mambo ya kwenye simu," Maduhu alijibu. "Mama asijue tu. Mwambie niko kozi."

Nyamizi akamwambia bibi kwamba mwanawe yuko kozi. Siku mbili baadaye walikaa mbele ya runinga kwa mara ya kwanza, na bibi akauliza, "Huyo anayeongea kwa sauti nzito ni nani?"

"Ni koplo, Mayu," Nyamizi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kama Maduhu."

"Ni mtu mwema?"

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Nyamizi alikuwa ameshona sketi usiku na mchana, mgongo unawaka moto. Alimwangalia mama yule, alivyokuwa ameinua uso kuelekea kwenye mwanga wa kioo, akashindwa. "Ni mwema sana," alisema.

Ukishasema hivyo huna pa kurudi. Jabiri alipouza bunduki ya kituo, Nyamizi alisema rafiki yake ndiye aliyeuza. Jabiri alipopokea rushwa, Nyamizi alisema amelipwa deni lake la zamani. Mambo yalipozidi ikabidi amtafutie Jabiri adui, akamchagua sajenti mmoja wa kituoni, mtu wa watu, ambaye kwenye tamthilia kazi yake ilikuwa kuleta mafaili na kupiga saluti. Kwa Kisukuma cha Nyamizi, sajenti yule aligeuka mfitini mtupu, mwenye wivu, anayemchimba Jabiri usiku na mchana. Bibi alimchukia kwa moyo wake wote. Akisikia tu viatu vyake vinapiga sakafu pale kituoni, anamlaani mpaka ukoo wake.

Nyamizi alilazimika kubeba hadithi mbili kichwani, ile ya wote na ile ya bibi, na kukumbuka wapi zimeachana. Akiwa kibandani anapiga pindo alijikuta anapanga uongo wa Jumamosi. Wakati mwingine alitamani umeme ukatike.

Kilichompendeza bibi kuliko vyote kilikuwa kile kipande cha mwisho, ambapo mtangazaji husoma maoni ya watazamaji. Mtu wa Tanga amesema hivi, mtu wa Mbeya amesema vile. "Wanasemaje?" bibi alikuwa akiuliza, akimshika Nyamizi mkono. Na mtangazaji akiwa anasoma kwamba Jabiri afie gerezani na mama yake aunganishwe naye, Nyamizi alikuwa akijibu kwamba watu wa Tanga wanamwombea.

Siku moja bibi akasema na yeye anataka kutoa maoni. Akayatamka polepole, Nyamizi akayaandika kwenye simu kwa Kiswahili jinsi yalivyo, kwa sababu siku hiyo hakuwa na nguvu ya kutunga kingine: *Mimi ni bibi wa Shinyanga, Ngokolo. Huyu mtoto Jabiri ameonewa. Nina mtoto polisi kama yeye, namjua mtoto mwema. Yule sajenti mwenye wivu amwogope Mungu. Mama Jabiri, msimamie mwanao mpaka mwisho.* Angeweza kuifuta, lakini bibi alikuwa ameinamisha sikio akisubiri mlio wa meseji inapokwenda. Nyamizi akaituma. Meseji zilizotumwa pale zilikuwa maelfu, akajipa moyo kwamba hakuna atakayeiona.

Alhamisi moja, miezi miwili tangu asimamishwe, Maduhu alipiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Jumatatu nakuja na Inspekta," alisema. "Anachukua maelezo ya mama. Nimewaambia kwamba Alhamisi ile nilikuwa Shinyanga, nimempeleka mama kliniki ya macho, na ufunguo nilimwachia konstebo Ndaki. Kazi yako ni moja tu, umwandae mama aseme hivyo hivyo."

"Aliyempeleka kliniki ni mimi."

"Kwani mimi sijui? Mwambie tu kuna watu wananionea wivu. Atanielewa."

Nyamizi alikata simu akakaa. Ndiyo, angemwelewa. Bibi alikuwa ameandaliwa miezi miwili mizima, kila Jumamosi na Jumapili, na aliyemwandaa ni yeye mwenyewe. Hakukuwa hata na haja ya kumbembeleza.

Basi Jumamosi ikafika na sebule ikajaa kama kawaida. Siku hiyo Jabiri alikuwa amepelekwa mbele ya wakubwa wake, na Nyamizi alitafsiri kwa mkato, sentensi moja kwa kila dakika tano, hata bibi akamfinya kumhimiza. Tamthilia ikaisha. Mtangazaji akafungua karatasi yake, akacheka kabla hajasoma.

"Leo tuna maoni ya aina yake kutoka Shinyanga, Ngokolo," alisema.

Nyamizi alitamani kurukia swichi. Mtangazaji akaisoma meseji yote, neno kwa neno, na alipofika kwa sajenti mwenye wivu akashindwa kuendelea kwa kicheko. "Bibi yetu wa Ngokolo," alisema, "tunaomba utuambie unatazama chaneli ipi!"

Sebule ililipuka. Benjamini alipiga magoti chini, akashika tumbo. "Ngokolo hii hii? Jamani! Sajenti yule wa mafaili ndiye mwenye wivu?"

"Atakuwa ni mama wa mwizi fulani huyo," Mwalimu Eufrasia alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Hao ndio wanaotuharibia nchi. Mtoto anaiba, mama anasema kaonewa!"

Hawakuwa na ubaya. Bibi Wema walimjua hana Kiswahili cha kutuma meseji, basi hawakudhani kwamba bibi yule amekaa katikati yao, ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili, anageuza uso huku na huku akifuata vicheko. Alisubiri mpaka wameondoka wote, viti vimerudishwa vyumbani na Wema ametoka kucheza. Ndipo aliposema.

"Nimesikia Shinyanga. Nimesikia Ngokolo. Ni maneno yangu yale."

"Ndiyo, Mayu."

"Wamecheka nini?"

Nyamizi alifungua kinywa ili aseme wamefurahi. Uongo ulikuwa tayari, umekaa ulimini, unasubiri kutoka tu. Lakini alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao, na akaona kwamba akisema hili la leo itabidi aseme na la kesho na la Jumatatu. Akakaa chini mkekani akaanza upya, kutoka siku ya kwanza. Alisema bunduki nani aliuza. Alisema rushwa nani alipokea. Alisema mama Jabiri alificha nini chini ya kitanda. Jua lilizama yeye bado anasema, na bibi hakumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza, bibi aliuliza jambo ambalo Nyamizi hakulitarajia.

"Yule sajenti. Alikuwa na kosa gani?"

"Hana kosa, Mayu. Analeta mafaili."

"Nimemlaani mtu miezi miwili hana kosa."

"Ni mchezo tu, Mayu. Ni waigizaji wale."

"Laana yangu haikuwa ya mchezo," bibi alisema. Akapangusa jicho lake moja linalotoka maji muda wote. "Na huyu wa kwangu yuko kozi?"

Hapo Nyamizi alilia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu kazi hii ilikuwa ya Maduhu naye Maduhu alikuwa amejikalia Kalangalala, kule Geita, kwenye chumba cha kupanga akisubiri wanawake wamsafishie njia. Akalisema lote, dhahabu, ufunguo, Inspekta wa Jumatatu, na maneno ambayo bibi alitakiwa kuyasema.

"Alhamisi ile nilitapika kwenye bajaji," bibi alisema.

"Ulitapika, Mayu."

"Nilimtapikia nani?"

"Mimi."

"Na huyo Ndaki anayesemwa alikuwa na ufunguo. Ni mtoto wa watu?"

"Ni kijana. Ana mwaka mmoja kazini."

Bibi aliinuka kwa fimbo yake, akapapasa ukuta mpaka chumbani. Nyamizi alipotaka kumshika mkono alisema ataona njia mwenyewe. Jumapili saa kumi hakutoka. Wapangaji waliuliza bibi yuko wapi, Nyamizi akasema ana malaria, ukawa ni uongo mwingine tena, nao ulimtoka bila taabu yoyote.

Jumatatu saa nne asubuhi Maduhu aliingia na Inspekta. Maduhu alikuwa amekonda na shati limepigwa pasi kupita kiasi. Aliinama mbele ya mama yake akamsalimu, "Mwangaluka, Mayu," na mama akaitikia, akaupitisha mkono usoni mwake, kwenye paji, kwenye shavu, akiukagua kama anayetafuta kidonda. Maduhu alimtazama mkewe kwa jicho la kuuliza, na Nyamizi akajitia kupanga vikombe.

Inspekta aliitwa Selestine, mwenyeji wa Songea, mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi na kikohozi cha vumbi la barabara. Alimsalimu bibi kwa heshima, kisha akakuna kichwa. Askari Msukuma aliyekuwa amepangiwa kumtafsiria alikuwa ameitwa kwenye ajali ya lori asubuhi ile.

"Sikutakiwa kumtumia mtu wa familia," alimwambia Nyamizi, "lakini siwezi kurudi Geita mikono mitupu. Utatafsiri neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Koplo, wewe kaa nje."

Maduhu akatoka. Walisikia akivuta kiti mpaka chini ya dirisha la sebule, ambalo halikuwa na kioo, lina wavu tu wa mbu.

Jina, umri, kijiji, hayo yalipita upesi. Kisha Inspekta akageuza karatasi. "Mwulize Alhamisi ile aliyokwenda kliniki ya macho, alipelekwa na nani."

Nyamizi aliuliza kwa Kisukuma. Chini ya dirisha kiti kilinyamaza.

Bibi alijinyoosha kwenye kigoda. "Mwambie hivi," alisema kwa sauti ile ile ya kila siku. "Mwanangu Maduhu sikumwona Alhamisi ile. Hakuja. Alinipeleka huyu mke wake, nikamtapikia gauni kwenye bajaji. Kama mwanangu amesema alikuwa na mimi, amesema uongo, na yule kijana mwingine asisingiziwe."

Nje Maduhu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja, kikavu, cha makusudi, na Nyamizi alikielewa bila mkalimani. Mle ndani waliojua kilichosemwa walikuwa yeye na bibi tu. Inspekta alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, amemkazia macho, anasubiri.

Ilikuwa rahisi mno. *Anasema alipelekwa na mwanawe.* Basi, maneno manne. Alikuwa amesema mia kama hayo pale pale sebuleni, mbele ya runinga ile ile, na hakuna aliyemshika. Maduhu angerudi kazini. Wema angeendelea kuwa mtoto wa koplo. Angepata usingizi, au angalau angelala kitandani na mume wake akiwa na mshahara. Halafu angeanza kukumbuka. Ufunguo uliachwa saa ngapi, bajaji ilikuwa ya nani, Ndaki alisema nini na wao walisema nini, mwaka huu, mwaka kesho, kila akikutana na mke wa askari sokoni. Nyamizi hakuwa jasiri, wala hakumfikiria sana Ndaki, Mungu amsamehe. Alichokijua ni kwamba mabega yake hayana nafasi ya hadithi nyingine.

"Anasema hakumwona mwanawe siku hiyo," alisema. "Anasema niliyempeleka ni mimi. Na ni kweli, ni mimi. Anasema mwanawe amesema uongo, na yule kijana mwingine asisingiziwe."

Inspekta alimtazama kwa muda, kama mtu aliyekuwa ametegemea jibu jingine, kisha akaandika. Nje kiti kilianguka. Walisikia hatua zikivuka uwanja, geti la bati likabamizwa, na Benjamini, aliyekuwa anaosha pikipiki, akisema, "Vipi, afande, mbona haraka?"

"Umemwambia nini?" bibi aliuliza.

"Nimemwambia ulichosema, Mayu."

"Vyote?"

"Vyote. Isipokuwa kutapika."

Bibi aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya mwanaume. Akatafuta maneno, akayaokota moja moja kwa Kiswahili chake. "Baba," alisema. "Huyu. Amesema nini kwako?"

Inspekta alishangaa, lakini akasogea karibu, akasoma polepole karatasi yake kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa. "Hukumwona mwanao, bibi. Mwanao hakuja. Aliyekupeleka ni mkwe wako."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikirudia kimya kimya. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Inspekta akatoa kidau cha wino mkobani akakifungua, na Nyamizi, kwa mazoea ya miezi yote ile, akanyoosha mkono amshike bibi kidole, amwongoze. Bibi alipousikia mkono wake akauondoa wa kwake, taratibu, bila ugomvi. Akampa Inspekta kidole gumba.